Uvimbe Wangu na Uvimbe wa Nyaga

Mimi nilipona. Nalisema mapema ili msomaji mwenye mgonjwa nyumbani asisome kwa wasiwasi, akitafuta kujua kama mwandishi yu hai. Niko hai, nakula, nafanya kazi, na kovu langu limefunikwa na nywele. Lakini ninaloandika hapa si habari ya kupona. Ni habari ya nilichokifanya kwa kupona huko. Kama kuna mtu amelala wodini leo na jirani anamwambia, "Hata mimi nilikuwa na hiyo hiyo," basi nimemwandikia yeye, na huyo jirani pia.

Kwetu ni Kianjai. Niliolewa na Ireri, mtu wa Embu, tukapanga nyumba mtaa wa Majimbo, mjini Embu, na watoto wetu wawili walizaliwa hapo. Mimi nilikuwa afisa wa kilimo. Kazi yangu ilikuwa kupanda hadi Kibugu kuongea na wakulima wa chai juu ya mbolea na kupogoa, na nilijua kuongea, sina haja ya kujinyenyekeza hapo. Waliniita Madam. Nilipenda kuitwa hivyo kuliko ilivyonifaa.

Ugonjwa ulianza na pua. Mvua ndefu zilipoanza niliacha kusikia harufu. Maziwa yaliungua jikoni nikiwa nimesimama kando yake, mpaka mwanangu Njeru akaja mbio kutoka nje. "Mama, kwani husikii?" Nikacheka. Baadaye nikaanza kucheka mahali pasipo pa kucheka. Nilicheka kwenye mazishi ya shangazi yake Ireri. Nilimwambia mama mkwe wangu, mbele ya wageni, kwamba chai yake ni maji ya kuoshea sufuria. Mtu aliyenijua angeapa kwamba huyo si mimi, lakini ulimi ulikuwa wangu, na mimi sikuona ubaya wowote. Hilo ndilo linaloniumiza nikikumbuka, kwamba wakati ule ambapo nilistahili kuona aibu kuliko wakati mwingine wowote, sikuwa nayo hata chembe.

Halafu kichwa kikaanza kuuma asubuhi, nikiinuka tu. Nikawa nagonga milango kwa bega. Siku moja nilikuwa nimesimama mbele ya wakulima kama arobaini kwenye kituo cha kupimia majani chai, nikieleza habari ya kupogoa, mkojo ukanitoka. Sikuuhisi ukija. Niliona tu wanaume wa mstari wa mbele wakitazama miguu yangu, nami nikaitazama. Mwanamke mmoja akainuka, akafungua leso yake kiunoni, akanifunga nayo, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Madam, hiyo mvua ilikupata huko njiani imekulowesha mbaya. Kuja ukauke." Tangu asubuhi jua lilikuwa likiwaka.

Huyo ndiye Mama Muthoni. Alinipeleka nyumbani kwake, akanichemshia maji ya kuoga. Mume wake, Nyaga, alituona tukiingia, akachukua kikapu chake akaenda kuchuma chai upande wa mbali wa shamba, akakaa huko mpaka nilipoondoka. Kwa muda mrefu sikujua alifanya vile ili nisione haya. Niliambiwa baadaye.

Ireri alidhani nimeanza kunywa. Simlaumu, hata mimi ningedhani hivyo. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinirudisha Kianjai, akakaa na baba yangu kwa heshima zote, akasema, "Mzee, nimeleta mtoto wenu. Akiachana na hiyo kitu, mtanitumia neno." Mama alininusa mdomo kila asubuhi kwa juma zima. Hakupata pombe. Majirani nao walikuwa na yao: wengine walisema nimerogwa na watu wa Embu, wengine kwamba nimejifunza kutafuna miraa kama mwanamume. Ni kaka yangu Mutuma, mwalimu, aliyenitazama nikimimina chai nje ya kikombe, mara mbili, akasema, "Huyu hajalewa. Huyu haoni vizuri." Kesho yake tukaenda hospitali, na hospitali ikatutuma Nairobi.

Sina mengi ya kusema juu ya Nairobi isipokuwa benchi. Kuna benchi ndefu ya mbao ambako watu husogea tako kwa tako kuelekea mlangoni, na ukienda msalani bila kumwomba jirani akulindie nafasi, unaanza upya. Mama yangu na mimi tulisogea kwenye benchi hiyo siku tatu. Siku ya tatu nikapigwa picha ya kichwa. Daktari aliitundika mbele ya taa, akazungumza Kiingereza na wenzake kwa kirefu. Kiingereza nilikijua, lakini kichwa kile hakikuwa na hamu ya kusikiliza. Nesi akamgeukia mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, akafupisha yote kwa neno moja. "Ni uvimbe, mama. Uvimbe kwa ubongo."

Mama akalishika neno hilo akaenda nalo nyumbani. Nami nilipopata akili nililikuta likinisubiri, fupi, rahisi kulibeba. Uvimbe.

Walinipasua katika ile baridi ya Agosti. Kabla ya hapo walininyoa, na nywele zangu zikawekwa kwenye mfuko wa karatasi, mama akaukumbatia mpaka nilipotoka. Nilipozinduka uso ulikuwa umefura, jicho moja halifunguki, na mkono wangu ulikuwa mzito kana kwamba ni wa mtu mwingine. Siku ya nne aibu ilirudi. Ilirudi yote kwa mara moja: chai ya mama mkwe, mazishi, wale wanaume wa mstari wa mbele. Nikavuta shuka juu ya uso nikalia. Nesi akaja.

"Unalia nini? Kidonda kinauma?"

"Naona aibu."

"Aya, vizuri," akasema, akiniwekea mto sawa. "Hiyo ni dalili umeanza kupona."

Ireri alikuja Jumamosi na chupa ya uji. Alikaa kitandani pangu, kofia mkononi. Akasema, "Niliambia watu wewe ni mlevi. Mpaka ofisini niliwaambia." Nikamwambia animiminie uji. Tulikunywa kikombe kimoja, zamu kwa zamu, na baada ya hapo hatukulizungumza tena. Si kila ndoa huhitaji maneno mengi ili irudi mahali pake, ingawa yetu ilichechemea miaka miwili.

Siku ya kutoka, daktari aliniambia wameutoa uvimbe wote, sihitaji tiba nyingine, nirudi baada ya mwaka tu wanipige picha. Nilimshukuru. Sikumuuliza swali hata moja. Mimi, niliyekuwa nikiwagombeza wakulima kwa kupanda mbegu ya jirani bila kupima udongo wao, sikuuliza.

Sasa, kwetu mtu akipona hakai kimya. Lazima atoe ushuhuda. Nilianza na kanisa letu la Embu, nikasimama na kitambaa kichwani, nikasema, "Bwana asifiwe," na watu wakalia. Nikaalikwa kwingine, na kwingine. Kila mara niliposimulia, habari ilizidi kunyooka. Ile benchi ikatoka. Habari ya mkojo niliiondoa mapema kabisa. Daktari akawa mfupi, maombi yakawa marefu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa sana.

Mwezi wa Januari nikaalikwa Kibugu. Nilikuwa nimesikia kwamba Nyaga aliugua wakati wa mvua fupi. Alikuwa ameanguka kifafa katikati ya chai, akapelekwa Nairobi hospitali ile ile, akapasuliwa na daktari yule yule. Nilifurahi kualikwa. Nilijiambia naenda kumlipa Mama Muthoni wema wake. Nyaga alikuwa ameketi kiti cha tatu, kichwa kimenyolewa, kovu bado jekundu, na nilipokuwa nikisema nilikuwa nikimtazama yeye.

"Uvimbe ni uvimbe," nilisema, "na Mungu ni yule yule. Mimi sikuchomwa kwa mashine ya mionzi. Sikupewa dawa yoyote. Kisu mara moja na maombi, na leo mnaniona."

Watu wakapiga makofi. Baada ya ibada Mama Muthoni alinivuta kando, nyuma ya kanisa, Nyaga akatufuata polepole.

"Mama Njeru, nikuulize. Sisi wametuambia arudi achomwe. Na ile mashine. Ati wiki sita, kila siku. Wewe kweli hukuchomwa?"

"Hata siku moja."

"Na yako ilikuwa wapi?"

Nikaweka mkono hapa, juu ya paji. Nyaga akacheka, akaweka wake pale pale juu ya kovu lake.

"Ni hapo hapo," akasema. "Mimi naogopa hiyo kuchomwa, Madam. Kuna mtu alirudi huko akiwa mweusi upande mmoja kama mkate imeungua. Na kichwa yangu sasa haiumi. Nasikia niko sawa."

Hapa ndipo napaswa kuandika taratibu. Ningeweza kusema, rudini mkamuulize daktari. Maneno matatu. Ingekuwa rahisi. Lakini walikuwa wakinitazama kama anayejua, na mimi nilikuwa Madam tena, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya leso.

"Mwache apumzike," nikamwambia Mama Muthoni. "Huyu atapona tu vile nilipona. Hao madaktari wakishazoea mtu hawataki kumwachilia."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nyaga hakurudi Nairobi.

Kwa miezi minne alikuwa mzima. Nilipita kwao mara mbili nikiwa kazini, nikamkuta akichuma, nywele zimerudi, na kila mara nilitoka pale nikiwa nimejaa sifa za moyoni. Katikati ya mvua ndefu mkono wake wa kulia ukaanza kuangusha vitu. Kisha maneno yakaanza kumpotea: alitaka kusema jembe, akasema sahani, na alijua amekosea, akakasirika. Kifafa kikarudi. Mwezi wa Julai, baridi ya Kibugu ikiwa ile ya kutoa mvuke mdomoni mchana, Mama Muthoni alinitumia ujumbe kwamba wanarudi Nairobi. Nami nilikuwa na picha yangu ya mwaka kupigwa. Tukaenda pamoja, tukasogea kwenye benchi moja, Nyaga katikati yetu.

Daktari alituita sote watatu, nadhani kwa sababu alidhani sisi ni jamaa. Alizitundika picha mbili mbele ya taa, yangu ya mwaka uliopita na ya Nyaga ya siku hiyo. Nikamuuliza, na bado kulikuwa na kiburi ndani ya swali, mbona mtu mwenye ugonjwa wangu amerudiwa.

Akanitazama kidogo. "Wewe unafanya kazi gani, mama?"

"Kilimo."

"Basi utaelewa mbio." Akaweka kalamu juu ya picha yangu. "Unaona hii yako? Imekaa peke yake, na mpaka wake. Ubongo imesukumwa kando tu, haijaingiliwa. Ni kama kiazi cha nduma kwa tope. Unashika, unavuta, inatoka mzima, tope inabaki tope." Akahamisha kalamu. "Sasa hii ya mzee. Nionyeshe mpaka iko wapi."

Nilitafuta. Hapakuwa na mpaka. Palikuwa na weupe uliofifia polepole kuelekea kila upande, mpaka ukashindwa kusema uvimbe umeishia wapi na mtu ameanzia wapi.

"Hii ni thangari," akasema, na sote watatu tulilijua jani hilo, lile la mizizi mirefu unayong'oa leo na wiki ijayo limechipuka mita moja kutoka ulipolima. "Mimi nilitoa ile naona. Ile imeingia kwa udongo wa kando siwezi toa na kisu, ningetoa na ubongo yake. Ndiyo maana tulitaka kuchoma huo udongo. Na hata thangari si moja. Kuna shamba inaikubali, kuna shamba inaizuia kidogo. Kila mgonjwa na udongo yake. Kwa jina zote ni uvimbe, lakini hazifanani." Akafungua faili. "Tulikuwa tumekupatia siku ya kuanza. Nani alikuambia usirudi, mzee?"

Nyaga alijaribu kujibu, neno likamkataa. Mimi nilikuwa nikiitazama picha yangu. Nilikuwa na ulimi mzima, na nilikitazama kile kitu changu cha mviringo chenye mpaka mzuri, nikanyamaza.

"Ni sisi tuliamua, daktari," akasema Mama Muthoni. "Ilikuwa wakati wa chai mingi."

Alipokuwa amempeleka Nyaga msalani, nikamuuliza daktari kama angepona. Akasema hapana, hawakuwa wamemwahidi hivyo, lakini angepata muda. Nikauliza muda gani. Akasema hakuna ajuaye, miezi, labda mwaka au zaidi, na kwamba sasa watamchoma, ila wameanza wakiwa nyuma. Kisha akaniambia picha yangu mpya iko safi. Nikamwambia asante.

Msomaji, ukiwa na mgonjwa, usije kuniuliza mimi nilitibiwaje. Muulize daktari wake: hicho kitu kimekaa vipi humo ndani, na kinachokizunguka kikoje? Akikujibu kwa Kiingereza mwambie arudie. Usione haya kurudia swali. Haya iliyonifaa kuona ni nyingine.

Ukumbini nilimshika Mama Muthoni mkono, nikamwambia nitamwambia Nyaga ukweli, na ndugu zake pia. Akautoa mkono wake.

"Wewe nyamaza. Watu wa kwao wanajua ni daktari alimwachilia apumzike. Mimi ndiye niliwaambia hivyo. Wakijua niliacha daktari nikasikiza mtu wa kanisani, hiyo boma sitaikaa. Umesikia, Mama Njeru? Nimekuomba."

"Nimesikia," nikasema. "Sitasema."

Nyaga alichomwa wiki sita. Nilikwenda kumwona kila Ijumaa, nikambebea ndizi za kupondwa, kwa kuwa alikuwa akishindwa kutafuna. Upande wa kichwa ulikuwa mweusi kama alivyoogopa. Kwa muda mkono wake ulipata nguvu, akaweza kushika kikombe, na siku moja akasema sentensi nzima, "Leo kuna jua," tukashangilia wodi nzima. Kisha akarudi nyumbani, na mvua fupi zilipoanza akafa mchana, mkewe akimgeuza ubavu.

Mazishini kulikuwa na matope na watu wengi. Kaka yake mkubwa, Njue, ndiye aliyekuwa akiongoza. Baada ya hotuba za jamaa akanitafuta kwa macho. "Kuna mama hapa kutoka Embu," akasema. "Huyu alikuwa na ugonjwa ule ule wa ndugu yetu, Mungu akamwacha kwetu. Wetu akamchukua. Tusiulize. Mama, kuja utupe neno la faraja."

Nilisimama. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema. Ningependa kuandika kwamba nilifikiria mgonjwa mwingine aliyekuwa pale, ambaye kesho angeambiwa uvimbe ni uvimbe. Sikumfikiria mtu yeyote. Nilikuwa nimechoka kuibeba ile siri na sikutaka kurudi nayo Majimbo.

"Haukuwa ugonjwa ule ule," nikasema. "Wangu ulikuwa mwepesi. Wake ulitaka achomwe mapema, na daktari alikuwa amemwita. Mimi ndiye nilimwambia asiende. Nisameheni."

Nilingoja wanirukie. Nilikuwa tayari, hata nilitaka. Lakini hakuna aliyenitazama. Njue na ndugu zake, na mama yao mzee aliyekuwa kwenye kiti, walikuwa wamegeuka wote kumtazama Mama Muthoni, na watoto wake wakamtazama kwa sababu wengine walikuwa wakimtazama. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka.

Alinikuta baadaye nyuma ya jiko, nikijifanya nasuuza vikombe.

"Umetua mzigo wako," akasema.

"Nimekosa, Mama Muthoni. Nilidhani..."

"Umeutua juu yangu. Mbele ya watoto wangu." Hakupandisha sauti. "Ile siku kwa daktari nilikufichia. Sikuona ni kitu. Sasa enda nyumbani, na usikuje kwangu mpaka nikuite."

Niliviacha vikombe nikaenda.

Mvua ndefu zimepita mara mbili tangu siku hiyo. Nasikia kwa wakulima kwamba hakufukuzwa, lakini shamba liligawanywa upya, naye akapewa kipande cha juu kabisa, kando ya msitu, ambako ndovu huingia kila mara, na kwamba huchuma peke yake. Niliomba ofisini nihamishiwe upande mwingine ili nisipite kwake kwa kisingizio cha kazi. Picha zangu zote zimekuwa safi. Hajaniita.